Ruhusa ya Kushuka: Ada ya Kale ya Bandari za Pwani

Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja aliyeiaga Maghribi tangu ujanani mwake kwa nia ya hija na kutafuta ilimu, aliwasili Mogadishu baada ya safari ya siku 15 kutoka Zeila. Na kabla hajakanyaga mchanga wa mji huo alikwisha kuona jambo ambalo baadaye aliliona lastahili kusimuliwa katika kitabu cha safari zake. Sambuki zilitoka pwani zikiwa na vijana wa mji, na kila kijana amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Alipopanda chomboni, kijana aliiweka sahani yake mbele ya tajiri mmoja na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Na tangu saa ile tajiri yule hakuwa na nyumba ya kufikia ila ya kijana huyo, isipokuwa akiwa ni mtu aliyekwisha kuuzoea mji na kujuana na wenyeji, ambaye alikuwa na hiari ya kufikia apendapo. Mwenyeji alimwuzia mgeni wake bidhaa na kumnunulia alizozihitaji, na yeyote aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Ibn Battuta hakuwa tajiri bali fakihi, na habari hiyo ilipofika mjini kadhi mwenyewe aliteremka hadi pwani pamoja na wanafunzi wake kumlaki. Msafiri alisema kwamba angependa kwanza apate malazi, kisha ndipo aende kumwamkia Sultani. Akaambiwa kwamba ada ya nchi haikuruhusu hivyo, maana mtu wa ilimu, au sharifu, au mchaji wa Mungu akiwasili, hawezi kupewa nyumba mpaka aonane kwanza na mwenye mji. Mlangoni pa Sultani habari zake zilipelekwa ndani, na jibu likarudi pamoja na sahani ya tambuu na popoo na marashi ya waridi ya Dameski, ambayo alimiminiwa yeye na kadhi. Kisha ikatolewa amri akalazwe katika nyumba ya wanafunzi. Vyombo vyote vilivyotia nanga pale vilikuwa na taratibu yao pia: sambuki ya Sultani ilivifuata na kuuliza chombo kimetoka wapi, mwenyewe ni nani, rubani wake ni nani, kimepakia nini, na ni matajiri gani waliomo; na majibu yote yalipelekwa kwake.

Ukiyatazama mambo haya kwa makini utaona kwamba si ukarimu mtupu, wala si ulinzi mtupu, bali ni sheria kamili ya kumpokea mgeni, yenye nguzo tatu: swali, ambalo mgeni huulizwa na mwenye mamlaka, dhamana, ambayo hubebwa na mwenyeji anayejulikana kwa jina, na haki ya mji, ambayo hulipwa kwa ushuru au kwa sehemu ya biashara. Viza apewayo mtu anapowasili, ambayo wengi huidhania kuwa ni uzushi wa zama za ndege na wa nchi zenye haja ya fedha za watalii, ina nasaba katika pwani yetu iliyo ndefu kuliko ya pasipoti yenyewe. Kilicho kigeni kwetu ni ile desturi nyingine, ya kumtaka mtu aombe ruhusa angali kwao, kwa maandishi, kwa mtu asiyemwona. Historia ya bandari za Afrika Mashariki ni historia ya mashindano kati ya desturi hizi mbili, na nia yangu ni kuifuata toka mwanzo wake, kwa kuwa naamini kwamba ile iliyo ya kale zaidi ina insafu ndani yake ambayo twaelekea kuipoteza.

Sababu ya kwanza ya ada ile ilikuwa ni upepo. Kaskazi, ambayo huanza kuvuma karibu na mwisho wa mwaka na kuendelea hata Machi, ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Bara Arabu, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi; na kusi, ivumayo kutoka Aprili kwa muda wa nusu ya mwaka, ndiyo iliyovirudisha makwao. Mtu aliyekuja kwa msimu hakuweza kutanguliza barua, maana barua na mwandishi wake wangeletwa na upepo ule ule mmoja. Wala hakuweza kugeuka siku ile ile akarudi alikotoka, kwa kuwa njia ya kurudia ilikuwa haijafunguka. Ilimlazimu kukaa miezi, kula na kulala miongoni mwa watu, kukopa na kukopesha, na mara nyingi kuoa. Kwa hiyo mahali pekee ambapo mji ungeweza kumpima mgeni palikuwa ni pale pale ufukweni, na kipimo hicho kilitakiwa kiwe chema, maadamu mtu yule angekuwa jirani kabla hajawa msafiri tena. Hata yule Mgiriki wa karne ya kwanza aliyeandika habari za bahari hii alikwisha kutaja kwamba Waarabu waliofanya biashara katika mji wa Rhapta walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Na huko Kilwa, alikofika Ibn Battuta baada ya kupitia Mombasa, jumba la Husuni Kubwa lilijengwa kwenye jabali juu ya bahari likiwa na makao ya Sultani na maghala kwa pamoja, hata mwenye mji na shehena za wageni wakawa chini ya dari moja.

Desturi ya pili ililetwa kwa mizinga. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na miaka saba baadaye manowari za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Wareno hawakuwa na watu wa kutosha kuzitawala bandari zote za Bahari ya Hindi, hivyo walichagua kuitawala bahari yenyewe, na silaha yao ya maandishi ilikuwa ni hati waliyoiita cartaz. Nahodha alitakiwa kuinunua hati hiyo kwa maofisa wa Kireno kabla hajatweka tanga. Ndani yake iliandikwa habari za chombo, nahodha wake na safari yake, na iliandamana na sharti la kupita katika bandari ya Wareno na kulipa ushuru huko. Chombo kilichokutwa baharini bila ya hati kilikuwa halali kutekwa pamoja na vyote vilivyomo. Bahari ambayo tangu dahari ilikuwa njia ya kila mwenye chombo ikageuzwa kuwa mali ya mfalme aliyekaa Lisbon, na haki ya kufika mahali ikatenganishwa na mahali penyewe: mwenye Malindi au mwenye Pate angeweza kumkaribisha mgeni kwa moyo wake wote, na mgeni huyo asifike, kwa sababu karatasi ilikosekana mahali pengine. Huu ndio mwanzo, katika maji yetu, wa ruhusa itolewayo mbali na mlango.

Mamlaka ya Wareno katika sehemu yetu ya pwani yalivunjika Desemba 1698, Waomani walipoiingia Ngome ya Yesu ya Mombasa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na ijapokuwa Wareno walirudi Mombasa kwa muda mfupi baadaye, bahari haikuwa mali yao tena. Ada ya kale ikarudi kushika nafasi yake, safari hii ikiwa na forodha yenye daftari. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyeifanya Unguja kuwa makao yake, alielewa kwamba utajiri wa bandari umo katika wepesi wa kuingia. Kwa mkataba wa mwaka 1833 aliwapa Wamarekani uhuru wa kuingia katika bandari zake zote na kufanya biashara humo, na asichukue kwao zaidi ya ushuru wa mia kwa tano juu ya shehena iliyoshushwa. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Ushuru wenyewe ulikusanywa na Mabaniani wa Kachi waliopangishwa forodha, mashuhuri wao wakiwa ni watu wa nyumba ya Jairam Shivji, na palepale forodhani ndipo mgeni alipojulikana ni nani na amekuja kwa shughuli gani.

Aliyetaka kuvuka mipaka ya mji na kuingia bara alikwenda kwa Seyyid kuomba barua. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, aliipata yake mwaka 1844 ili maliwali wa pwani wamsaidie, na Burton na Speke walipofunga safari ya kwenda kwenye maziwa makuu mwaka 1857 walisindikizwa na askari wa Kibaluchi waliotolewa na Seyyid Majid, mwanawe Said aliyemrithi Unguja. Lakini barua ya Seyyid ilikuwa na nguvu mpaka pale mkono wake ulipofika tu, na huko mbele palikuwa na wenye nchi wengine. Katika Ugogo, ambako maji ni machache na njia kuu za kwenda Unyamwezi zilikuwa hazina budi kupita, msafara ulisimama kwa kila mtemi na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Kiasi hakikuandikwa popote: kilizungumzwa, siku moja, mbili, pengine zaidi, baina ya mjumbe wa mtemi na mkuu wa msafara, mpaka pande zote mbili ziridhike, na baada ya hapo msafara ulichota maji, ukanunua chakula, ukapita kwa amani. Wazungu wengi walilalamikia hongo katika vitabu vyao na kuiita unyang'anyi. Mimi naiona kuwa ni haki ya mwenye kisima juu ya mtu aliyekuja na mamia ya wapagazi wenye kiu, na naona kwamba ilikuwa na fadhila moja, nayo ni kwamba anayelipa na anayelipwa walikaa chini wakasikilizana.

Ingekuwa ni khiyana kwa msomaji kuisifu milango hii iliyo wazi na kunyamaza juu ya wale walioingizwa na kutolewa humo bila ya kuulizwa hiari yao. Forodha ile ile iliyompokea tajiri kwa heshima ilitoza ushuru juu ya kichwa cha kila mtumwa, na hakuna sambuki iliyomfuata mtumwa kumwuliza ametoka wapi. Soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, lakini magendo hayakukoma, na ni kwa ajili ya kuyakomesha ndipo karatasi zilipoingia majahazini kwa mara nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwataka manahodha wa vyombo vya asili wawe na hati ya kupandisha bendera, orodha ya mabaharia wao, na orodha ya abiria weusi waliopakiwa, ili ijulikane kwamba kila mmoja wao asafiri kwa hiari yake. Orodha ya abiria, ambayo leo ni karatasi ya kawaida katika kila meli na ndege, katika bahari hii ilikuwa ni kinga ya mnyonge. Kadhalika karatasi hizo ziliweza kugeuzwa kuwa maficho: majahazi mengi ya Sur, katika Oman, yalijipatia bendera na hati za Kifaransa ili yasipekuliwe na manowari za Kiingereza, na shauri hilo likafika mbele ya Mahakama ya Upatanishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliiwekea mipaka haki ya Ufaransa ya kutoa bendera yake kwa raia wa Sultani wa Maskati. Basi karatasi peke yake si dhuluma wala si uadilifu. Yategemea inamkinga nani na inamzuia nani.

Vita vya mwaka 1914 ndivyo vilivyoipa karatasi ushindi wake. Kabla ya vita hivyo mtu aliweza kuvuka sehemu kubwa ya Ulaya bila ya pasipoti. Vita vilipoanza kila dola ikawaona wageni kuwa ni majasusi mpaka ithibitike vinginevyo, na amani iliporudi ulinzi ule haukuondolewa. Mkutano wa Paris wa mwaka 1920, uliofanywa chini ya Shirikisho la Mataifa, uliafikiana juu ya umbo moja la pasipoti, kitabu cha kurasa 32, na kurasa zile zilikuwa na kazi ya kupokea mihuri. Katika makoloni ya Afrika Mashariki taratibu hii mpya ilikutana na misimu ya kale. Kisiwani Changuu, mbele ya mji wa Unguja, palipojengwa gereza katika miaka ya 1890, pakawa karantini ya abiria waliotoka katika nchi zenye maradhi, hasa Bara Hindi, na mgeni alikaa hapo akitazama mji ng'ambo ya maji hadi waganga waridhike. Hata hivyo majahazi yaliendelea kuja. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika msimu wa 1938 na 1939 kwa chombo cha Kuwait kutoka Aden hadi Unguja na mlango wa Rufiji walikokwenda kupakia boriti, ameandika kwa urefu juu ya abiria waliojazana sitahani, watu wa Hadhramaut na Oman wanaoifuata riziki kwa jamaa waliowatangulia. Kwa watu hao dhamana ya kweli ilikuwa bado ni ile ya kale, ndugu au mtu wa kabila lao aliye dukani Mombasa au Unguja, ingawa afisa wa uhamiaji alitaka dhamana hiyo iandikwe.

Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yalikata uzi huu ghafula. Muungano na Tanganyika wa mwezi Aprili mwaka ule uliweka uhamiaji katika mambo ya Muungano, lakini kwa miaka mingi baadaye hata mtu wa Bara alitakiwa kuonyesha pasipoti alipoteremka Unguja. Majahazi ya msimu yalipungua mwaka hata mwaka, na maelfu ya watu waliozaliwa visiwani walikwenda kuishi Oman, Ghuba na Uingereza, wakalazimika kuja kwao kama wageni wenye kuomba ruhusa. Ni katika miaka iliyofuata kulegezwa kwa uchumi, hoteli zilipoanza kujengwa na ndege za kukodi kutua, ndipo ruhusa ya mlangoni ilipofufuka kwa sura yake ya leo.

Sura hiyo, katika Tanzania, ni rahisi kuieleza. Abiria aingia ukumbini mwa kiwanja cha ndege na pasipoti yake, ajaza fomu, kisha asimama kwenye foleni ya dirisha la malipo na kutoa dola 50, au dola 100 akiwa ni Mmarekani. Apewa stakabadhi, aenda nayo kwa afisa wa uhamiaji, aweka vidole juu ya kioo vichukuliwe alama, atazama kamera. Afisa amwuliza ametoka wapi, amekuja kwa shughuli gani, atafikia wapi, atakaa siku ngapi. Haya yafanana na maswali yaliyoulizwa na sambuki ya Sultani wa Mogadishu, na nguzo zote tatu zimo: swali ni la afisa, haki ya mji ni zile dola, na dhamana ni jina la hoteli au la mwenyeji liandikwalo katika fomu. Kilichopungua ni kwamba mwenyeji huyo hayupo pale kusema kwamba huyu ni mgeni wake.

Na limepungua jingine lililo kubwa zaidi. Mlango huu haufunguki sawasawa kwa wote, kwani wako watu wa mataifa fulani ambao ni lazima maombi yao yafikishwe kwanza kwa Kamishna wa Uhamiaji na kibali kipatikane kabla hawajasafiri. Fauka ya hayo, kwa kuwa mashirika ya ndege hutozwa faini yakimleta mtu asiyeruhusiwa, karani wa shirika, katika mji wa mbali, amekuwa ndiye bawabu wa kwanza wa nchi asiyoijua, naye akiingiwa na tashwishi humwacha abiria chini. Tanzania ilianzisha maombi ya viza kwa mtandao mwaka 2018, bila ya kuufunga mlango wa kiwanjani. Kenya ilitangulia mwaka 2015, na kuanzia Januari 2021 ikaacha kabisa kutoa viza kwa wanaowasili. Desemba 2023 ilitangaza kwamba viza itafutwa kuanzia Januari 2024, lakini mahali pake pakawekwa idhini ya kuombwa kwa mtandao kabla ya safari. Rwanda, nchi isiyo na bahari wala msimu, ndiyo iliyoishika njia nyingine: tangu mwaka 2013 Mwafrika yeyote aliweza kupata viza anapowasili, na tangu Januari 2018 mlango huo ukafunguliwa kwa watu wa mataifa yote. Katika mwaka huo wa 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya watu kwenda na kukaa huru barani, nayo hata leo imeridhiwa na nchi chache mno.

Sisemi kwamba dola haina haki ya kumkataa mgeni. Mogadishu ilikuwa na haki hiyo, na mtemi wa Ugogo alikuwa nayo, na kila mwenye nyumba anayo. Wala sidharau hoja za wenye kulinda usalama, kwa kuwa mtambo huweza kukagua majina elfu katika muda ambao afisa anakagua moja, na mwenye nia mbaya ni bora azuiliwe kabla hajapanda ndege. Ninalolisema ni kwamba mtu aliyekataliwa mlangoni amekataliwa na mtu, naye aweza kujieleza, kuonyesha barua, kumtaja ndugu, kumwita mwenyeji aje kumshuhudia. Ilhali aliyekataliwa kwa mtandao, au na karani wa uwanja wa mbali, hana wa kumjibu, na aghalabu hata sababu haambiwi. Na wanaoumia kwa taratibu hiyo ni wetu wenyewe zaidi kuliko mtalii wa Ulaya: ni mfanyabiashara mdogo wa Lubumbashi, ni mama wa Moroni anayemfuata daktari Dar es Salaam, ni kijana wa Kisomali ambaye babu zake waliwapelekea wageni sahani za chakula.

Kwa hiyo nchi za pwani hii, zinapoandika sheria mpya za kuingia, zina kigezo chao wenyewe cha kufuata, kilichojaribiwa kwa karne nyingi, wala hazina haja ya kukiazima. Mitambo na itumike kumrahisishia mtu safari. Lakini kwa Mwafrika, na kwa kila mwenye jamaa katika nchi hizi, ibakizwe haki ya kufika kwanza na kusikilizwa akiwa amesimama mbele ya afisa mwenye jina. Jina la mwenyeji wake nalo lihesabiwe kuwa dhamana ya kweli, aulizwe yeye, aitwe yeye, abebe jukumu yeye ikiwa mgeni wake ataharibu. Itifaki ya mwaka 2018 inangoja kuridhiwa, na serikali zetu zikiiridhia hazitakuwa zimewapa watu wao hisani mpya. Zitakuwa zimewarudishia ada waliyoijua kabla ya cartaz na kabla ya pasipoti.